Kitufe cha Kujaribia Taa

Nilibonyeza kitufe cha kujaribia taa, mwanga ukampiga mama usoni, naye hakupepesa macho.

Mama huyu ameniharibia picha miaka yote kwa kufumba macho. Taa zangu mbili za bei chee huziita radi za mtumba. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miezi minane, nikaigeuza sebule kuwa studio na kutundika shuka jeupe la kulainisha mwanga.

Nilisogeza taa hadi hatua moja kutoka kwake, nikabonyeza tena. Mboni zake zilibaki pana, wala hazikucheza.

"Mbona hupigi?" aliuliza, akitazama pale niliposimama mwanzo. "Radi zako zimegoma leo?"

"Nazipanga tu, mama."

"Haya, zipange. Hii blauzi ya kijani inanikaa?"

Blauzi ilikuwa nyeusi. Niliweka kamera sakafuni, nikapiga magoti mbele yake na kumshika mikono yote miwili.

"Tangu lini, mama?"

Alichomoa mkono mmoja. Kisha akajiweka sawa kola kwa kupapasa, akanyoosha shingo.

"Piga picha kwanza, mwanangu."