Doa la Makwasinyi

"Wacha hapo, binti!" mwalimu alimkataza kutoka nyuma ya kiti chake.

Mkono wa Salme ulisimama juu ya mausi. Kwenye skrini, programu mpya ilikuwa imeing'arisha picha yake ya anga ya usiku ya mwaka wa 1986, ambayo siku zote ilionekana nyeusi tii. Sasa katikati yake palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Salme alikuwa karibu kulifuta, kama afutavyo madoa kwenye nyuso za maharusi.

"Mwalimu, hilo ni vumbi la Voi. Hata bibi harusi huniletea hapa studio picha zenye vumbi hilo."

"Ni kundi la nyota za mbali. Nilikesha kijijini Makwasinyi nikilipiga picha. Miaka kumi na miwili wenzangu shuleni wananiita Mwalimu Vumbi, eti nilirudi na vumbi la barabara tu."

Salme aliitoa negativu, ule ukanda wa filamu, akaipuliza, akaipangusa polepole kwa kitambaa laini, pande zote mbili, akairudisha kwenye skana. Kama lilikuwa vumbi, lingetoka.

Mwalimu aligeukia ukutani. Skana ilinguruma.

"Limetoka?" aliuliza.

Salme aliisogelea skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Geuka, mwalimu, lipo palepale. Unisamehe, nilitaka kulifuta."