Wimbo wa Rukiya

Siku hizo mashine zilifundishwa kusema na kuimba kwa jumbe za watu za mitandaoni. Adhuhuri moja Mwanakheri alikwenda kwa jirani yake, Zaina, kuomba chumvi, akakuta spika ya ukutani ikimbembeleza mtoto wa Zaina. Akaganda mlangoni. Ulikuwa wimbo aliomtungia bintiye mchanga Rukiya, akaurekodi na kumtumia dada yake kwa ujumbe wa sauti wiki moja kabla binti huyo hajafariki.

"Wimbo huu umeupata wapi, shoga?"

"Spika imetunga yenyewe. Mtamu, eh?"

Kisha ukaja ubeti ambao Mwanakheri hakuwahi kuutunga: Rukiya ameota meno, Rukiya anatembea. Machozi yakamlengalenga. Zaina alipoyaona, akanyoosha mkono aizime.

"Iache," Mwanakheri alisema, akiketi mkekani taratibu. "Nataka nimwone akikua."