Namba Nane

Mgonjwa wa saba, mlinzi, naye alirudisha kipeperushi bila kukitupia jicho.

"Nisomee wewe, dada," alisema yule mlinzi, midomo imemkauka. "Homa imenimaliza macho."

Afisa afya alimsomea, huku moyoni akinung'unika kwamba wanaume wakishikwa na kijihoma wanataka walishwe hata maneno. Kisha akatoa fomu. Alikula wapi wiki zile mbili? Alhamisi jioni alikuwa wapi?

"Kazini."

"Msimamizi wako anasema hukuwa na zamu."

Mlinzi akageukia ukutani. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo mlangoni, akaacha kukunja.

Homa ya matumbo ilikuwa imeangusha watu saba, wote wanaume wazima. Hakuna mke aliyeugua, hakuna mtoto. Kila mmoja alipoulizwa kuhusu Jumanne na Alhamisi jioni aliinamisha uso na kusema alikuwa kazini.

"Mimi bado nasema maji," alisema mpimaji wa maabara, ambaye ofisi nzima ilimwita Kipimo. "Laini ile kongwe ya mabomba bado haijafungwa."

"Maji yangeangusha na watoto," afisa alimkata. "Halafu laini ile nimeibandika matangazo mwenyewe, bomba moja moja, wino mwekundu, herufi kubwa kama milango. Nani ayaone yale halafu anywe? Hao kuna mahali wanakwenda, Kipimo, na wanaona haya kupataja."

Siku ya pili fundi viatu, mgonjwa wa tatu, aliteleza ulimi. Alitaja geti la bluu, karibu na stoo za mbao, kwa mama mmoja mjane. Baada ya hapo alifunga mdomo, na hata mkewe alipoanza kulia hakuufungua tena.

"Jumanne na Alhamisi!" Kipimo alipiga meza kwa kicheko. "Mama wa watu ana ratiba kama shule!"

Ofisi nzima ikacheka. Afisa naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuliko wenzake.

Nyumbani kwake mumewe alikuwa na siku ya tisa kitandani. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, wa mkono wa shoto, anayejulikana mtaa mzima, na kwa miezi mitatu Jumanne na Alhamisi alikuwa akirudi amechelewa, mikono ya shati imejaa vumbi jeupe. Alisema kuna ukuta mkubwa haujaisha. Afisa alikuwa amemwekea kipeperushi pembeni ya mto, naye akakisukuma kwa upole, kama alivyokuwa akisukuma kila barua ya shule ya watoto. "Soma wewe, mama watoto. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

"Zile Jumanne na Alhamisi ulikuwa unakwenda wapi?" alimuuliza jioni ile.

"Kazini."

Neno lile lile, na uso ule ule ulioinama.

Kwenye orodha ya idara alikwisha kumwandika namba nane, bila jina. Sampuli yake aliipeleka maabara ndani ya mkoba wake, chini ya kitana na leso, kama mtu aliyeiba. Aliona aibu mbele ya Kipimo, aliona aibu mbele ya wake wa wale saba aliowahoji kwa sauti ya kiserikali. Ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Usiku hakumuuliza tena, alihofia kujibiwa.

Alhamisi alikwenda peke yake kwenye geti la bluu. Njia nzima alipanga maneno, mengine hayafai kutamkwa na mtumishi wa umma.

Aliyefungua alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, ameegemea mkongojo, miwani imefungwa kwa uzi.

"Idara ya afya," alisema afisa, na yale maneno mengine yote yakampotea. "Bibi, ni akina nani wanaokuja hapa jioni?"

"Waliniapisha nisiseme, mwanangu. Wanaona aibu." Bibi alimtazama sare, kisha akamtazama usoni. "Mmoja wao anasema mkewe ni mtu wa ofisi. Anataka siku moja amshangaze."

Akasukuma mlango wa sebule. Kulikuwa na mabenchi manne, na ukutani ubao mweusi. Juu ya ubao, kwa mwandiko wa mwalimu mstaafu, kulikuwa na ba, be, bi, bo, bu.

Afisa alishika fremu ya mlango. Vumbi jeupe. Alitaka kucheka, akajikuta analia, na bibi akamwonyesha benchi akae.

"Na maji?" aliuliza hatimaye, maana kazi ilikuwa bado kazi. "Wanakunywa wapi?"

"Mimi nina ya chupa, tumbo langu halitaki utani. Wao wakimaliza hupitia mlango wa nyuma, wananawa chaki bombani na kunywa huko huko. Mimi huko sifiki, miguu hii."

Afisa alipita uani, akafungua mlango wa nyuma, akatokea uchochoroni. Uchochoro huo aliufahamu. Mwezi uliopita aliupita akiwa na ndoo ya gundi, akitokea upande wa pili.

Tangazo lake lilikuwa bado juu ya bomba, halijachanika hata pembe: MAJI HAYA SI SALAMA. USINYWE. Chini yake, ukutani, mtu wa mkono wa shoto alikuwa amejaribu kulinakili kwa chaki, herufi zimelala upande mmoja, na alikuwa amefika neno la kwanza tu: MAJI.