Wembe na Kidole Gumba

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi, ninyolewe ndevu zangu.

Kinyozi Shekue alipatwa na kizunguzungu. Akigeuza kichwa tu, duka lilizunguka mpaka kuku wakatembea darini miguu juu. Wateja wakahama, nani ampe koo mtu anayeyumba na wembe?

Akaenda kwa Bi Tunu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akitaka dawa ya kumeza.

"Dawa unayo mkononi," Bi Tunu akamwambia. "Inua kidole gumba, kikazie macho, kisha tikisa kichwa kushoto na kulia. Dunia ikizunguka, usiikimbie. Ubongo utazoea."

"Nitaonekana mwehu, dada!"

"Bora mwehu aliyesimama wima."

Basi akawa anakitazama kidole asubuhi na jioni, watoto wakimcheka, hadi kuku wakashuka.

Nilipofika hapo katika hadithi yangu, wenzangu kwenye baraza la duka lake wakatazama nyuma yangu. Shekue alikuwa amesimama hapo.

"Kuku gani, mzee wangu? Mimi sijafuga hata bata!" Akavuta kiti. "Kaa, ulipe ndevu ulizoapia. Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza tangu niugue. Nadhani nimepona."

Nikainua kidevu. Akainua kidole gumba, akakikazia macho, akatikisa kichwa, kisha akashika wembe.