Risasi ya Ishirini na Tatu

Tangu asubuhi Hedley alikuwa amefyatua risasi ishirini na mbili bila kuangusha hata njiwa mmoja. Aliulaani upepo. Akawalaani njiwa wa plastiki aliowachomeka kwenye mabua ya ngano ili kuwavuta wenzao wa kweli, eti rangi imewatoka. Hata bintiye, mtu mzima aliyebanana naye nyuma ya wavu wa kujifichia, alikaripiwa kwa kupumua kwa kelele.

"Sasa Baba, niache kupumua?"

"Nyamaza! Yule pale, katua."

Alikuwa hatua ishirini tu mbele yao, mnene, kifua mbele. Hedley akalenga bila haraka, akafyatua.

Njiwa hakuruka. Alipasuka, na vipande vya plastiki ya kijivu vikatawanyika juu ya mabua.

Bintiye aliangua kicheko, kisha akamtazama baba yake usoni, kicheko kikamkauka. Mzee alikuwa bado amekodoa macho palepale, akitafuta manyoya.

"Nimempata?"

Bintiye aliichukua bunduki taratibu kutoka mikononi mwake, akatoa risasi iliyobaki, kisha akanyoosha kiganja.

"Na funguo za gari, Baba."