Kivuli cha Mwewe

Mwewe aliiteka mbuga nzima kwa kivuli chake tu. Kila kilipopita juu ya nyasi, kware walikurupuka kwa woga, na aliyekurupuka alinyakuliwa.

Alipowamaliza kware, akageukia kichaka cha miiba walimoishi fuko. Nyegere, aliyempigania ardhini, alimwonya.

"Mkuu, huku si mbugani. Niache nitangulie, nichimbe."

"Nikungoje wewe mwenye kutambaa?" Mwewe alifoka. "Rudi kwenu. Kivuli kinatosha."

Nyegere akaenda zake. Mwewe akazunguka juu ya kichaka, akaambulia kitoto kimoja cha fuko kilichopotea njia kikatokeza nje. Wengine hawakukurupuka kamwe, maana fuko hawaoni. Kivuli kwao ni habari ya kusimuliwa. Mwewe naye, kwa kuwa hakuona kitu, alitangaza kwamba adui amekwisha.

Kumbe chini huko fuko walikuwa wakiitafuna mizizi ya mgunga uliobeba kiota chake. Upepo ulipovuma, mti ukaanguka na makinda yote, hata manyoya hayajaota.

"Waoga nyinyi!" Mwewe alilia. "Mbona hamkuja tupigane huko juu?"

Mama wa kile kitoto akamjibu kutoka shimoni, "Juu hatupajui, bwana. Ila tulijua kwamba hata wewe hutagi huko."

Mwewe akapaa. Kivuli chake kikapita juu ya makinda yaliyolala chini, nayo pia hayakukurupuka.