Futi Iliyofichwa kwenye Karatasi

Kasmir alivuta mtoto wa meza ya Herieth huku sikio lake likiwa mlangoni. Wenzao walikuwa wameshuka kula. Alikuwa anatafuta kosa, kosa lolote, ilimradi liwe la Herieth.

Wote wawili walikuwa Watanzania waliosoma kwa ufadhili, wakipima ngozi za mbweha wekundu katika stoo moja ya chuo, huko Guangzhou, China, na tangu Machi hawakuwa wakipeana hata salamu. Kasmir alikuwa ameshangaza watu. Kwa vipimo vyake, mbweha wa kusini walikuwa wakubwa kuliko wa kaskazini kwenye baridi kali, kinyume cha vitabu vyote. Shirikisho la Wapenda Viumbe likamwalika akahutubie mkutano wake mkuu. Akashona suti kabisa.

Ndipo Herieth akaliandikia Shirikisho kwamba amewapima upya wale wa kusini, na ni wadogo kama kawaida. Mwaliko ukasimamishwa. Kasmir akapewa wiki moja ajitetee.

Asubuhi hiyo Herieth alikuwa amemzuia Kasmir kwenye ngazi.

"Kaka Kasmir, naomba dakika moja tu. Kuhusu wale wa kaskazini uliowapima Januari..."

"Roho mbaya itakumaliza, dada. Nipishe."

Sasa, chini ya madaftari ya Herieth, mkono wa Kasmir ukagusa kitu kilichofungwa kwa karatasi yenye maandishi. Akaichana karatasi, akaitupa kapuni bila kuisoma. Ndani mlikuwa na futi ya fundi cherehani, ya njano, ncha yake imeungua; kwake ilikuwa ya Herieth, basi.

Akailaza kando ya rula ya chuma, ile aliyokabidhiwa na chuo mwezi Februari, ambayo ndiyo aliyopimia mbweha wake wote wa kusini. Inchi ishirini za futi zilifika inchi ishirini na sita za rula. Zilikuwa inchi za Kichina, zile za viwanda vya nguo, ndefu kuliko inchi tulizozizoea. Mbweha yeyote akipimwa kwa futi hiyo lazima atoke mfupi.

Basi ndivyo binti huyu alivyowafupisha wa kusini! Kasmir alijisikia raha mpaka kwenye magoti.

Akaipiga picha, akaituma kwa Shirikisho pamoja na barua ndefu. Alimwita Herieth mzembe, mzushi na aibu ya taifa. Akadai kwamba yeyote aliyepima mbweha kwa futi hiyo kazi yake yote ifutwe, na asialikwe tena popote.

Shirikisho halikuchelewa. Ijumaa jarida lake la habari lilitoka, picha ya futi ukurasa wa kwanza, na chini yake uamuzi: ombi la Bwana Kasmir limekubaliwa, neno kwa neno.

Herieth alikuja kusimama mbele ya meza yake, macho mekundu.

"Hukuisoma ile karatasi niliyokuandikia nilipoiokota futi stoo?"

"Nisome uongo wako ili iweje?"

Herieth akachukua mkoba wake akaondoka. Kasmir akakuhesabu kuondoka kule kuwa ushindi mwingine.

Jioni alikwenda Tianxiu, jengo la wafanyabiashara wa Kiafrika, kwa binamu yake Sia, mnunuzi wa jinzi, ili apate wa kushangilia naye. Sia alikuwa amekaa juu ya marobota, akibishana kwa simu na laoban, yaani bosi, wa kiwanda cha jinzi cha Xintang. Kasmir hakusubiri amalize. Akamwekea simu yake yenye jarida mbele ya macho.

"Ona, dada Sia! Ona kilichommaliza adui yangu."

Sia akakata simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na uso, kisha akapiga makofi kwa furaha.

"Jamani, futi yangu ya Xintang, niliyoiunguza kwa pasi! Tangu nikuazime Januari ukapimie mbweha wako wa kaskazini, kila siku unaniambia imepotea."